Bati la Fundi Isihaka

Kwa mahesabu yake mwenyewe, mwaka 1977 nchi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kuisoma nuru ya leza kwa kuipitisha kwenye bati la matundu, na mtu huyo alikuwa akifundisha kidato cha pili kuchora balbu katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Kasulu. Balbu zenyewe shuleni hapo ziliwaka saa mbili kwa siku, jenereta likiwa limeamka vizuri. Aliitwa Longinus. Alikuwa amerudi kutoka Chekoslovakia na shahada, na koti zito ambalo Kasulu, pamoja na baridi yake yote ya asubuhi, haikulistahili, na sanduku la mbao lililoandikwa pande zote kwamba lisigeuzwe. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi stesheni ya Kigoma, kila aliyelishika aliligeuza.

Longinus alipenda kusimulia kwamba profesa wake alimpa vyombo vilivyomo kwa heshima ya kumuaga. Ukweli ni kwamba idara ilikuwa imeletewa vipya, na hivi vilikuwa vinaziba njia kwenye korido. Hata hivyo vilifanya kazi. Palikuwa na bomba la leza lililotoa mwali mwekundu mwembamba, kioo chenye mistari midogo sana cha kuichambua nuru katika rangi zake, na jicho la umeme lililounganishwa na mshale wa kupimia. Kilichokosekana ni kimoja tu: lile bati la matundu lilitoka sandukuni limejikunja kama chapati.

Bati hilo ndilo lilikuwa kiini cha elimu yake, kwa hiyo tulieleze mara moja tumalizane nalo. Ukilipiga jiwe kwa leza, jiwe hurudisha nuru kidogo mno yenye rangi ngeni, na kila aina ya jiwe ina rangi zake. Ukizipima rangi hizo moja moja, kila moja ni hafifu hata mshale hautikisiki. Basi unazitandaza mbele ya bati lenye madirisha membamba, mengine wazi, mengine yamezibwa; zinapita karibu nusu kwa pamoja, na mshale unasoma jumla yake. Unalisogeza bati hatua moja, inapita nusu nyingine, unasoma tena. Baada ya hatua thelathini na moja unaketi na penseli, unajumlisha na kutoa, na kila rangi inajitokeza peke yake na kiasi chake. Madirisha yamepangwa hovyohovyo, ndivyo jicho linavyokwambia, lakini hovyo ile imekokotolewa na watu wenye vipara, na ukihamisha dirisha moja umeharibu yote. Wanafunzi wa kidato cha pili walielezwa haya mara tatu, wakaomba warudi kwenye balbu.

Pengine vyombo vingekaa chini ya vumbi mpaka leo kama si jiwe lililotoka Titye, shambani kwa Odilia.

Odilia alikuwa shangazi yake Longinus, dada mkubwa wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuza chini na majirani wanacheka. Wakati wa Operesheni, watu walipokusanywa vijijini, alishuka kutoka kwao milimani na kuku watatu, na mlango wa nyumba kichwani, kwa sababu kuta alizijenga mwenyewe na angezijenga tena, ila mlango ulitengenezwa na seremala. Alipewa kiwanja na shamba, akapanda migomba, na mwaka huo ndio kwanza ilikuwa imeanza kutoa mikungu ya kujivunia. Kuhama alikuwa amehama. Alisema mbele ya kila aliyetaka kusikia kwamba safari ya pili itakuwa kwenye jeneza.

Ikaja kampeni ya vyoo. Odilia, raia mtiifu, akachimba choo pembeni mwa migomba yake, na alipofika kina cha kiuno jembe likagonga jiwe jeupe, angavu, ukubwa wa yai la kuku. Alilipeleka jikoni likazuia chungu kisiyumbe. Mjumbe wa nyumba kumi alipita kuomba maji ya kunywa siku ya Jumatatu. Alhamisi jiwe lilikuwa juu ya meza ya katibu tarafa.

Katibu tarafa, Bwana Ildefonsi, alitoka Bukoba, na alikuwa na miaka sita Kasulu ambayo aliihesabu kama mfungwa anavyohesabu yake. Aliamini alizaliwa awe mtu wa mkoani na kwamba kuna karatasi ilipotea mahali. Alipolishika lile jiwe dhidi ya dirisha hakuona jiwe, aliona gazeti, ukurasa wa kwanza, na yeye mwenyewe katikati ya picha akiwa amevaa suti yake ya kijivu. Ni almasi, alisema, na aliyebisha hapakuwapo. Kilichobaki ni mtu wa kuthibitisha kitaalamu, kwa sababu neno la katibu tarafa juu ya almasi lisingefika mbali. Ndipo alipomkumbuka mwalimu mwenye mwali mwekundu.

Alimwita Longinus, akampa kiti, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, na akamweleza. Jiwe likithibitishwa, shamba la Odilia pamoja na mashamba saba ya jirani yatatengwa kwa ajili ya taifa, na wenyewe watahamishiwa ng'ambo ya bonde. Aliyasema haya kwa huruma ya mtu aliyekwisha kula. Naye mtaalamu hatasahauliwa: barua itakwenda Dar es Salaam kuomba ahamishiwe Chuo Kikuu yeye na mitambo yake, mahali penye umeme usiolala.

Hapa tumtendee haki Longinus. Alimfikiria shangazi yake. Alimfikiria muda wote wa kutembea kutoka ofisini hadi sokoni, ambao ni kama dakika tano, kisha akakata kauli kwamba kipimo hakijui ukoo, kwamba huenda jiwe si almasi, na kwamba likiwa almasi bila shaka ng'ambo ya bonde kuna udongo mzuri tu. Alipofika sokoni alikuwa anafikiria bati.

Fundi Isihaka alikuwa na kibanda pale sokoni. Baba yake alikuja na biashara kutoka Bagamoyo akatua Ujiji, na mwana akapanda milima na nyundo yake mpaka Kasulu. Alitengeneza koroboi, ndoo, karai na masanduku ya shule, na kila kilichotoka mkononi mwake alikigonga alama ndogo ya nyota pembeni, ili kikidumu watu wajue kwa nini. Longinus alimkabidhi mchoro alioukokotoa kutoka kwenye daftari la chuo: mstari wenye nafasi sitini na moja, kila moja upana wa njiti ya kiberiti, thelathini na moja za kukatwa na thelathini za kuachwa. Mahali pengine zilikatwa tano kwa mfululizo, mahali pengine moja peke yake, kama meno ya mzee.

Isihaka aliutazama mchoro huo kwa muda mrefu. Ni mtu wa adabu, na mtu wa adabu hamuulizi msomi aliyekwenda Ulaya kama mkono wake ulitetemeka. Alisema tu kwamba bati litakuwa tayari Ijumaa baada ya swala. Ijumaa bati lilikuwa tayari, limefungwa kwenye gazeti, lina nyota yake pembeni. Longinus naye ni mtu wa adabu. Kulifungua bati mbele ya fundi na kuanza kuhesabu tundu kwa tundu ni kumwambia humwamini, na katika soko la Kasulu neno kama hilo halifutiki. Alishukuru, akalitia kwapani, akaondoka. Nyumbani alilitazama kwa mbali akaona madirisha mengi yenye kingo safi, akaridhika.

Siku ya kipimo madirisha ya maabara yalizibwa kwa mablanketi ya bweni na jenereta likawashwa mchana, jambo ambalo mkuu wa shule alikuwa amelikataa kwa miaka mitatu hadi alipoombwa na katibu tarafa. Jiwe likawekwa. Mwali mwekundu ukaligonga, na Bwana Ildefonsi, aliyekuwa amesimama nyuma ya Longinus akihema shingoni mwake, akavua kofia kama yuko kanisani. Longinus akalisogeza bati hatua moja moja. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, mara thelathini na moja, kama kichwa cha mtu anayekubali kila anachoambiwa.

Alijua kwamba haikupaswa kuwa hivyo. Mwaka mzima kule Chekoslovakia hakuwahi kuona mshale wenye tabia nzuri namna ile. Akiwa peke yake angesimamisha kazi, angepima kwanza kitu anachokijua, kipande cha kioo au chumvi, kama alivyofundishwa siku ya kwanza kabisa. Lakini mkubwa alikuwa anamhemea shingoni, na Chuo Kikuu kilikuwa kinamsubiri, naye akajiambia kwamba huenda mitambo imetulia kwa sababu ya hali ya hewa ya milimani. Akakokotoa kwa nusu saa. Nuru kubwa kuliko zote iliangukia dirisha la ishirini na mbili. Akafungua jedwali la profesa, akashuka kwa kidole, na dirisha la ishirini na mbili liliandikwa almasi.

Aliandika cheti kwa mkono wake, kikapigwa mhuri mara mbili. Jiwe lilifungwa kwenye bahasha yenye lakiri, na ikatangazwa kwamba mgeni rasmi kutoka mkoani atakuja baada ya wiki mbili kuona mtambo ukifanya kazi na kulipokea shamba kwa niaba ya taifa.

Jumapili Longinus alipanda baiskeli hadi Titye kumpa shangazi yake habari hizo. Alizitoa kama mtu anayeleta kitoweo. Alimweleza juu ya taifa, juu ya ng'ambo ya bonde, na kwa urefu zaidi juu ya Chuo Kikuu. Odilia alimsikiliza akichambua maharage. Hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu chombo chenyewe kinajuaje, na Longinus, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa kutaka jibu, akajitahidi. Alimkumbusha mizani kubwa ya ghala la kijiji, ambayo mshale wake haujali kitu kilicho chini ya kilo tano, na jinsi akina mama wenye mavuno madogo wanavyofanya: wanaweka vikapu kadhaa pamoja, wanasoma, wanatoa kimoja wanaingiza kingine, wanasoma tena, hadi kila mmoja anajua kapu lake lina uzito gani.

Odilia alimkatiza kabla hajamaliza, kwa sababu kanuni hiyo ni yeye aliyeianzisha pale ghalani, baada ya karani wa mizani kuwaambia kwamba mavuno yao hayapo kwa kuwa hayaonekani. Alikuwa ameshaelewa kuliko kidato cha pili chote. Kisha akauliza swali moja zaidi.

"Sisi kabla ya vikapu tunaweka kwanza lile jiwe letu la kilo tano. Mizani ikisema sita, tunajua ina uongo wa kilo moja. Wewe kabla ya jiwe langu uliweka nini?"

Longinus alisema kwamba mitambo ya Ulaya haifanani na mizani ya ghala. Alisema na mengine mengi, akaagana naye haraka, na njia nzima ya kurudi aliendesha baiskeli kwa nguvu kana kwamba swali lile lilikuwa linamfuata kwa miguu.

Jumatatu baada ya vipindi alimwomba mkuu wa shule nusu saa ya jenereta, akaweka kizibo cha kioo cha chupa ya dawa pale lilipokaa jiwe. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Dirisha la ishirini na mbili. Kizibo kilikuwa almasi. Siku iliyofuata aliweka bonge la chumvi ya Uvinza, nalo likawa almasi, na Jumatano kipande cha sabuni ya mche kikapanda cheo vilevile. Kufikia Alhamisi Longinus alikuwa ndiye mtu tajiri kuliko wote mkoani Kigoma.

Alilichomoa bati, akalishika dhidi ya mwanga, na kwa mara ya kwanza akayahesabu madirisha. Wazi, limezibwa, wazi, limezibwa, kutoka mwanzo hadi mwisho, yamenyooka kama askari wa gwaride. Bati la namna hiyo lina maneno mawili tu. Ulisogeze utakavyo, litasema lile la kwanza au lile la pili, na ukiyatia katika hesabu ya profesa jibu litaangukia palepale hata kama umepima kiatu.

Alikwenda nalo sokoni. Isihaka alimkaribisha kwa chai na hakuonyesha wasiwasi wowote.

"Mwalimu wangu, mchoro wako ulikuwa na kasoro, nikakunyooshea," alisema kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. "Nilihesabu: wazi thelathini na moja, kuziba thelathini. Zinaingiliana sawasawa, moja wazi, moja kuziba. Nikajua ulikusudia hivyo, ila uliandika kwa haraka. Ningeuliza ningekuaibisha mbele ya watu."

Longinus alimtazama, na hasira aliyokuja nayo ikakosa mahali pa kukaa. Mtu huyu alimtendea wema. Alimfichia aibu ambayo haikuwapo, na yeye Longinus akampokelea bati bila kulifungua kwa wema uleule, na kati ya wema huo wa pande mbili shangazi yake alikuwa anapoteza shamba. Akamwomba fundi amkatie lingine, safari hii vilevile kama mchoro, na ubaya wake wote. Isihaka alilikata, lakini alikataa katakata kuligonga nyota. Alisema hawezi kuweka jina lake kwenye kitu kama kile.

Kwa bati baya Longinus alipima kizibo, kikawa kioo. Akapima chumvi, ikawa chumvi. Kipande kidogo cha lile jiwe kilikuwa kimebaki maabara, kilichopasuliwa na jembe na kubanduka siku ya kipimo. Nuru yake iliangukia dirisha la tisa. Kwatsi, jiwe linalookotwa kwenye kila kijito kuanzia Kasulu hadi Kibondo, ambalo watoto hulitupia ndege.

Alikwenda ofisini kwa Bwana Ildefonsi siku hiyohiyo na akaeleza yote, ikiwemo sabuni. Katibu tarafa alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akaeleza, kwa upole, kwamba cheti kimeshafika mkoani, kwamba mkoani kimepigwa mhuri mwingine, na kwamba jiwe lenye mihuri mitatu haliwezi kugeuka kuwa kwatsi kwa sababu ya fundi wa koroboi. Jiwe litakwenda Dar es Salaam na majibu yatarudi yatakaporudi, mwakani au mwaka wa kesho kutwa. Vigingi vya mipaka vimeshasimikwa. Vijana wa kijiji wameshakata migomba arobaini ya Odilia kufungua njia ya gari la mgeni rasmi. Alivuta droo, akaonyesha bahasha ndefu. Barua ya uhamisho wa Chuo Kikuu ilikuwa humo, imeandikwa, inasubiri sahihi baada ya sherehe. Alimtaka mwalimu aweke siku hiyo bati lile la kwanza, zuri, lenye nyota.

Longinus alitoka bila kusema ndiyo wala hapana. Ukweli usemwe: kwa siku nne alikuwa karibu kusema ndiyo. Alijipatia sababu nzuri nyingi. Migomba imeshakatwa. Jeneza ni maneno tu ya wazee. Akiwa Dar es Salaam atakuwa na uwezo wa kumsaidia shangazi yake kwa njia kubwa zaidi, ambayo hakuitaja hata kwake mwenyewe kwa sababu haikuwapo.

Siku ya sherehe kwaya ya shule iliimba, ngoma ikapigwa, na mgeni rasmi akatoa hotuba juu ya utajiri uliolala chini ya miguu ya wananchi. Odilia aliletwa mbele amevaa kitenge chake cha Krismasi, na ikatangazwa kwamba mama huyu ametoa shamba lake kwa hiari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia. Alisimama, mikono ameikunja, anatazama ardhi. Longinus alikuwa hatua tatu kutoka kwake na akaona kidevu chake kinatetemeka. Katika maisha yake yote hakuwahi kukiona kidevu kile kikitetemeka, hata siku ya kumzika baba yake Longinus. Zile sababu nzuri zote zikamwishia palepale.

Wakubwa wakaingia maabara na mablanketi yakashushwa. Odilia naye aliingizwa, kwa ajili ya picha. Longinus akaweka bati zuri, lenye nyota, na Bwana Ildefonsi akapumua. Kisha Longinus akamwomba mgeni rasmi atoe kitu chochote alicho nacho, mtambo uonyeshe kwanza uwezo wake. Katibu tarafa alikohoa. Alikohoa mara ya pili. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye moyo mwepesi, alitoa alichokuwa nacho mkononi, nacho kilikuwa chupa ya soda aliyokuwa amemaliza kuinywa.

Ilichukua nusu saa. Mgeni akaletewa soda ya pili. Longinus aliweka penseli chini, akafungua jedwali, akalisogeza mbele ya mgeni ili asome mwenyewe. Mgeni akashuka kwa kidole hadi ishirini na mbili, akasoma, akaitazama chupa, akasoma tena.

"Yaani hii ni almasi," alisema. "Na ile niliyorudisha kwenye kreti?"

"Nayo, mheshimiwa. Na sabuni, na chumvi," alisema Longinus. "Kwa bati hili kila kitu ni almasi. Cheti nilichoandika ni cha uongo. Lile jiwe ni kwatsi, na nina bati jingine la kuonyesha hivyo."

Bwana Ildefonsi alisema kwamba mwalimu amepatwa na homa. Mgeni rasmi aliagiza bati jingine liwekwe, akakaa nusu saa nyingine, mkaidi kama watu wanene wanavyoweza kuwa, na kidole chake kikafika dirisha la tisa. Akauliza kosa ni la nani. Fundi Isihaka alikuwa amesimama mlangoni na shati lake jeupe, amekuja kuona kazi yake ikitazamwa na wakubwa. Longinus alimwona.

"Ni langu," alisema. "Nilipokea bati bila kulihesabu, na nililipima jiwe kabla ya kupima kitu ninachokijua. Mtoto wa darasa la kwanza la fizikia asingefanya hivyo."

Mgeni rasmi alicheka mpaka kiti kikalia, kisha ghafla akaacha, kwa kuwa alikumbuka kwamba na yeye alikuwa ametoa hotuba. Aliagiza vigingi ving'olewe kabla hajafika kwenye gari. Odilia aliuliza kama anaruhusiwa kuondoka, kwani ameacha maharage juani, akaruhusiwa. Alipita mbele ya Longinus bila kumtazama.

Barua ilitoka ndani ya wiki moja, fupi kuliko ile ya drooni. Mwalimu Longinus alihamishiwa shule ya msingi huko wilayani Kibondo, kwa mahitaji ya kazi. Mitambo ilichukuliwa kuwa mali ya serikali, ikafungiwa stoo pamoja na yale mablanketi. Bwana Ildefonsi alibaki Kasulu, na kwa upande wake hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

Siku mbili kabla ya basi la Kibondo, Longinus aliendesha baiskeli hadi Titye kuaga. Hatutaficha kwamba njiani alikuwa ameandaa maneno ya unyenyekevu ya kupokelea shukrani. Ilikuwa mchana, jua kali, na mlango wa Odilia ulikuwa umefungwa. Alibisha hodi, kimya. Akabisha tena akataja jina lake, na baada ya muda mlango ukafunguliwa.

Odilia alimkaribisha vizuri. Alimpikia ugali wa muhogo na maharage, akamuuliza juu ya baridi ya Kibondo na kama amepata nyumba. Kupitia mlangoni vilionekana visiki vya migomba vikianza kukauka, na nyuma yake mingine yote imesimama, yake, hakuna wa kuigusa. Longinus alisubiri. Mwishowe akalisema mwenyewe, kwamba angalau shamba limebaki, na hawa watu hawatamtisha tena.

Odilia alifuta mikono yake kwenye khanga.

"Hao sikuwaogopa, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, kwa Kiha. "Nimewaona wengi, wanakuja na karatasi, wanaondoka. Niliyemwogopa ni wewe. Siku ile ulipokuja kuniambia nitahama, ulikuwa unafurahi. Nilikutazama nikasema, huyu nilimbeba mgongoni. Toka siku hiyo nikisikia baiskeli nafunga mlango. Hata leo nilifunga."

Longinus aliona aibu ambayo hakuwa ameiona mbele ya mgeni rasmi, akainamisha kichwa juu ya sahani akalia bila kujificha. Odilia alimwacha alie. Alipoona ugali unapoa alimsogezea maharage karibu na kumwambia ale, kwa sababu safari ya Kibondo ni ndefu.